Ulimi Hauna Mfupa: Maoni kuhusu Mabaki ya Wafu na Suala la Asili ya Waswahili

1.0 Utangulizi

Wahenga wamesema ulimi hauna mfupa. Kwa kawaida methali hii hutumika kumwonya msemaji, kwamba ulimi huteleza kwa urahisi kwa kuwa hauna kitu kigumu cha kuuzuia. Katika makala haya tunaichukua kwa maana yake ya wazi kabisa. Mtu akifa, ulimi wake huoza pamoja na nyama nyingine za mwili, ilhali meno na mifupa yake huweza kudumu ardhini kwa karne nyingi. Mwanaakiolojia afukuapo kaburi hukuta habari nyingi za marehemu, lakini lugha aliyoisema haimo.

Jambo hili limepata uzito mpya tangu mwezi Machi 2023, wakati jarida la Nature lilipochapisha uchunguzi wa Esther Brielle na wenzake, miongoni mwao Chapurukha Kusimba, Stephanie Wynne-Jones, Jeffrey Fleisher na David Reich, kuhusu vinasaba vya watu 80 wa kale. Watu hao walizikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania baina ya mwaka 1250 na 1800, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na Makwasinyi, ulio mji wa bara, baada ya mwaka 1650. Tangu hapo suala la asili ya Waswahili, ambalo wengi wetu tulidhani limekwisha kuamuliwa, limefufuliwa upya. Yamkini wapo watakaoyapokea matokeo hayo kama hukumu ya mwisho, na wapo watakaoyakataa kwa kuhofia kuwa yanarudisha hoja za zama za ukoloni.

Msimamo wetu ni kwamba misimamo yote miwili haina msingi. Mifupa ya makaburi ya pwani inatupa habari kubwa ambayo tarikhi zetu ziliipita kimya, nayo ni habari ya akina mama. Hata hivyo, mifupa hiyo haiwezi kuamua nani alikuwa Mswahili, kwa sababu Uswahili hukaa katika ulimi na katika maisha ya pamoja, na vitu hivyo havizikwi. Kazi ya kuunganisha ushahidi wa mifupa na ushahidi wa lugha ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, na tukiiacha itafanywa na wengine wasioijua lugha hii.

2.0 Jinsi Mfupa Unavyosomwa

Kabla ya kuijadili hoja yenyewe, inafaa tueleze kwa muhtasari mambo ambayo mifupa huweza kuyasema kwa uhakika. Umbo la nyonga, na kwa kiasi fulani umbo la fuvu, humwezesha mtaalamu kukadiria kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke. Umri wa mtoto hukadiriwa kwa kuangalia meno yaliyokwisha kuota na yaliyokuwa bado tayani, na umri wa kijana kwa kuangalia jinsi ncha za mifupa mirefu zilivyoungana na mifupa yenyewe. Umri wa mtu mzima ni mgumu zaidi kukadiriwa, na mtaalamu mwaminifu hutoa muda wa miaka kadhaa badala ya mwaka mmoja.

Maisha ya taabu nayo huacha alama. Mtoto aliyepatwa na njaa au maradhi makali wakati meno yake yalipokuwa yakiumbwa hubaki na mistari katika enameli, na mistari hiyo haifutiki hadi kufa kwake. Ukoma, kifua kikuu na baridi yabisi huweza kuacha dalili katika mifupa, ingawa maradhi mengi yanayoua upesi hayaachi alama yoyote. Kemia nayo ina usemi wake. Viwango vya isotopu za kaboni na naitrojeni katika kolajeni ya mfupa hudokeza kama mtu alikula samaki kwa wingi au aliishi kwa nafaka na nyama ya nchi kavu. Strontiamu iliyomo katika enameli hulingana na miamba na maji ya mahali mtu alipokulia, na kwa hiyo huweza kuonyesha kuwa marehemu aliyezikwa bandarini alilelewa kwingineko. Mwisho, vinasaba huweza kupatikana hata katika mifupa ya kale, hususan katika ule mfupa mgumu wa fuvu unaozunguka sikio la ndani.

Namna mwili ulivyolazwa ni ushahidi mwingine. Mwili uliolazwa kwa ubavu wa kulia ukaelekezwa Kibla unatufahamisha jambo kuhusu imani ya waliouzika. Mfano wa kale zaidi wa ushahidi wa aina hii unatoka katika pango la Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi, ambako watafiti walipata mabaki ya mtoto wa umri wa baina ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na maziko hayo ndiyo ya kale kuliko yote yanayojulikana ya binadamu wa aina yetu barani Afrika. Kutokana na namna mifupa ya bega na mbavu ilivyokaa, watafiti walihitimisha kuwa sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringishwa katika kitu kilichokwisha kuoza, na kutokana na jinsi kichwa kilivyoinama walihitimisha kuwa kiliegemezwa juu ya kitu mfano wa mto.

Watafiti wakampa mtoto huyo jina la Mtoto. Ni jina zuri, na ni fahari kwa lugha yetu. Lakini hakuna atakayedai kwamba wazazi wake walisema Kiswahili, wala lugha yoyote ya Kibantu. Jina hilo ni letu, tumelitia sisi. Katika mfano huu jambo hilo ni dhahiri kwa sababu umbali wa wakati ni mkubwa mno. Ugumu huanza tunapokaribia karne ambazo Kiswahili kilikuwapo, kwani hapo ni rahisi kusahau kwamba bado ni sisi tunaotia majina.

3.0 Fuvu na Kipimo

Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wana sababu nzuri ya kuwa na tahadhari mifupa inapotumiwa kuthibitisha utambulisho wa watu. Katika zama za utawala wa Wajerumani, mafuvu mengi yalichukuliwa kutoka eneo hili na kupelekwa Ulaya ili yapimwe, kwa imani kwamba urefu na upana wa fuvu ungeonyesha mipaka baina ya jamii za watu na daraja zao. Mkusanyo mmoja ulioanzishwa Berlin na Felix von Luschan ulikuwa na zaidi ya mafuvu 1,100 kutoka Afrika ya Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda na mengine ya Tanzania na Kenya.

Habari ya fuvu la Mtwa Mkwawa inajulikana zaidi. Mkwawa alifariki mwaka 1898, na fuvu lake lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kuwa lirejeshwe. Halikurejeshwa hadi mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kwenda katika jumba la makumbusho la Bremen na kulichagua miongoni mwa mengine, kigezo kimojawapo kikiwa ulinganifu wa vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Hatukusudii hapa kuingia katika mjadala wa uhakika wa uteuzi huo. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba kipimo kilekile kilichobuniwa ili kuwagawa watu katika mafungu ndicho kilichotumiwa kuwarudishia watu mfu wao.

Kwa upande mwingine, haifai kudai kwamba uchunguzi wa vinasaba ni ule upimaji wa mafuvu uliovishwa nguo mpya. Mwaka 2023 taasisi ya Berlin inayohifadhi mafuvu tuliyoyataja ilitangaza kuwa vinasaba vimewezesha kutambuliwa kwa jamaa walio hai nchini Tanzania wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa. Upimaji wa mafuvu haukuweza kufanya kazi hiyo kwa uhakika. Elimu hii mpya ina nguvu za kweli, na kwa sababu hiyo inastahili kuulizwa maswali magumu.

4.0 Mababa wa Tarikhi na Mama wa Makaburi

Sasa tuyatazame matokeo ya mwaka 2023. Kwa watu wengi wa miji ya pwani waliochunguzwa, zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ilitokana na wazazi wa kale wa Kiafrika. Sehemu kubwa iliyosalia, na mara nyingine zaidi ya nusu, ilitokana na watu wa Asia. Katika sehemu hiyo ya Asia, baina ya asilimia 80 na 90 ilihusishwa na wanaume wa Uajemi, na kiasi kidogo na watu wa Bara Hindi. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, vinasaba vya Asia vilivyoongezeka vilizidi kuwa vya Uarabuni.

Matokeo haya yanaafikiana kwa kiasi na Tarikhi ya Kilwa, ambayo toleo lake la Kireno lilichapishwa na João de Barros mwaka 1552, na ambayo inamtaja Ali bin al-Hassan na ndugu zake kuwa walitoka Shirazi. Kwa miongo kadhaa wanazuoni wengi, sisi tukiwa miongoni mwao, wamezichukulia habari za Washirazi kuwa ni mapokeo ya kujipatia heshima kuliko kuwa kumbukumbu za matukio. Hatuna budi kukubali kwamba mapokeo hayo yamebeba kumbukumbu za watu halisi waliovuka bahari.

Hata hivyo, tarikhi ilihesabu upande mmoja tu. Kwa mujibu wa tarikhi, mtu ni mwana wa fulani bin fulani, na mlolongo wa majina hupanda kwa wanaume hadi ng'ambo ya bahari. Mapokeo ya Kilwa yaliyoandikwa kwa Kiswahili baadaye yanasimulia kuwa mgeni wa kwanza alimwoa binti wa Mrimba, mkubwa wa kisiwa. Binti huyo anatajwa kwa baba yake, na kazi yake katika masimulizi ni kumpatia mgeni uhalali wa kukaa.

Makaburi yanahesabu kwa namna nyingine. Kuna sehemu ya vinasaba, ile ya mitokondria, ambayo mtu huirithi kutoka kwa mama yake peke yake, naye mama kutoka kwa mama yake. Katika miji ya pwani sehemu hiyo ni ya Kiafrika kwa takriban watu wote waliochunguzwa, ilhali kromosomu Y, ambayo hurithiwa kwa baba, kwa sehemu kubwa ni ya Asia. Kwa maneno mengine, mtu aliyezikwa karibu na msikiti wa mji, katika kaburi la heshima, huenda nasaba yake iliyosomwa hadharani ilimpeleka Shirazi, lakini mama yake, na bibi mzaa mama, na mama wa huyo bibi, walikuwa watu wa nchi hii. Mfupa umemhifadhi mama ambaye kalamu haikumwandika.

Tahadhari mbili ni za lazima. Ya kwanza ni kwamba waliochunguzwa ni wachache, na wengi wao walizikwa mahali pa hadhi. Wavuvi, wakulima na watumwa hawana nafasi sawa katika mkusanyo huo, na wakazi wa miji hiyo katika karne ya 8 na ya 9 hawamo, ingawa uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga ulikwisha kuonyesha kuwa palikuwa na misikiti midogo ya miti tangu karne ya 8. Ya pili ni kwamba vinasaba huonyesha kuwa mtoto alizaliwa na hawa wawili, lakini havionyeshi walikutanaje. Mke wa ndoa aliyetolewa na ukoo wenye mali, na suria aliyenunuliwa, huacha alama ileile katika mifupa ya watoto wao. Watafiti wenyewe waliegemea mila za pwani zinazompa mwanamke nafasi kubwa katika ukoo ili kudokeza kwamba wageni walioa katika koo za wafanyabiashara wa hapa. Dokezo hilo lina mantiki, na desturi ya Lamu ya binti kupewa nyumba anapoolewa, mume akahamia kwake, inaliunga mkono. Lakini hilo ni dokezo la ethnografia na historia. Tusilipe uhakika wa maabara.

5.0 Ushahidi wa Ulimi

Ikiwa mababa wengi wa wakubwa wa miji walitokana na Uajemi, kwa nini Kiswahili si lugha ya Kiajemi, wala si lugha ya mchanganyiko nusu kwa nusu? Swali hili halina jibu ndani ya mfupa. Jibu lake limo katika kazi za wanaisimu. Nurse na Spear (1985), na baadaye Nurse na Hinnebusch (1993), walionyesha kuwa Kiswahili ni lugha ya kundi la Sabaki, ndugu ya Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, na kwamba kilikwisha kujitenga kabla ya mwaka 1000. Kwa hiyo, mchanganyiko wa damu ulipoanza, lugha ilikuwako. Wageni waliikuta. Ngeli zake, upatanisho wake wa kisarufi na mnyambuliko wa vitenzi vyake havikuyumba.

Msamiati unatupa ushahidi wa kushangaza zaidi. Kabla ya mwaka 1500, sehemu kubwa ya vinasaba vya Asia katika pwani ilikuwa ya Kiajemi. Lau lugha ingekuwa inafuata damu, tungetarajia maneno ya Kiajemi kuwa mengi na ya Kiarabu kuwa machache. Hali ni kinyume chake. Maneno yenye asili ya Kiajemi, mathalani bandari na nanga, ni machache, na mengi yake ni ya bahari na biashara. Maneno ya Kiarabu ni maelfu, kwa sababu yaliletwa na dini, elimu, sheria na maandishi, na baadaye na utawala wa Omani. Maneno hayo yalipitia madrasa na baraza kuliko kupitia kitanda. Hakuna mfano bora zaidi wa kuthibitisha kuwa damu na ulimi husafiri kwa njia mbili tofauti, ingawa katika jahazi moja.

Tukiuweka ushahidi huu pamoja na ule wa makaburi, picha inayojitokeza ni hii. Watoto wa baba mgeni walilelewa katika nyumba ya mama na ya jamaa za mama. Waliyoyasikia jikoni na uani yalikuwa ya upande wa mama: maji, moto, chungu, mwiko, nyumba, mtoto. Baba aliwapa jina la ukoo, na pengine nafasi bandarini na msikitini. Mama aliwapa lugha. Tunaposema leo kuwa Kiswahili ni lugha ya Kiafrika, tunatamka jambo ambalo wanawake hao walilitenda, kizazi baada ya kizazi, bila kuandikwa popote.

6.0 Tatizo la Neno «Asili»

Hatari kubwa iliyo mbele yetu ni ya istilahi. Uchunguzi wa mwaka 2023 uliandikwa kwa Kiingereza, na unapofasiriwa kwa Kiswahili, dhana ya wazazi wa kale wa kibiolojia huelekea kuitwa «asili». Lakini asili katika Kiswahili ni neno lenye mizigo mingi. Hutaja chanzo cha kitu, mahali mtu alikotoka, tabia yake ya ndani na jadi yake. Kumwambia mtu kuwa theluthi ya vinasaba vyake ni ya watu wa Asia ni kumpa habari ya kibiolojia. Kumwambia kuwa yeye «kwa asili» ni wa Asia ni kumhamisha katika nchi yake. Historia ya pwani katika karne ya 20, ambamo makundi ya kikabila yaliyoandikwa katika daftari za serikali yaliamua haki za watu, inatosha kutuonyesha gharama ya mkanganyiko kama huo.

Tunapendekeza kwamba, katika maandishi ya kitaaluma, dhana hiyo iitwe nasaba ya kibiolojia, na neno asili liachwe kwa matumizi mapana ya historia na utamaduni. Neno nasaba lenyewe lina somo lake. Kwa mazoea ya pwani nasaba huhesabiwa kwa baba, na kutokana nalo tumepata istilahi vinasaba. Sasa vinasaba hivyohivyo ndivyo vinavyotuhesabia akina mama. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, kabla elimu ya vinasaba vya kale haijapanuka. Uwanja huu unahitaji kufanyiwa kazi mpya, na kazi hiyo ni ya wanaleksikografia kwa kushirikiana na wanabiolojia.

7.0 Hitimisho

Tumetoa hoja kwamba mifupa ya makaburi ya pwani ni ushahidi wa thamani, na kwamba thamani hiyo hupotea inapolazimishwa kujibu maswali yasiyo yake. Mifupa husema umri, maradhi, chakula, safari na wazazi. Lugha, ridhaa na utambulisho haivisemi.

Kutokana na hoja hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, wanaisimu na wataalamu wa fasihi simulizi wa vyuo vyetu washirikishwe tangu utafiti wa makaburi unapopangwa, badala ya kuitwa kutoa maoni baada ya matokeo kuchapishwa. Pili, kila uchunguzi unaohusu wafu wa pwani uwe na taarifa kamili kwa Kiswahili, iliyoandikwa ili isomwe na wenyeji wa mahali palipofukuliwa, ambao ridhaa yao ndiyo iliyofungua kaburi na ambao wana haki ya kujua yaliyokutwa humo na namna mabaki yatakavyostiriwa tena. Tatu, wanafunzi wa uzamili wahimizwe kukusanya masimulizi, nyimbo za harusi na unyago, na majina ya nyumba yanayohifadhi kumbukumbu za koo kwa upande wa mama. Maabara imekwisha kutuonyesha kuwa akina mama hao walikuwapo. Majina yao, kama yamesalia popote, yamesalia katika vinywa vya wajukuu wao, na wajukuu hao wanazeeka.